Kuni za Kiambere

Kazi yangu ni kununua makadamia, na kazi hiyo haitaki mtu wa kuamini upesi. Mkulima akinifungulia gunia, juu naona kokwa za kahawia, ngumu, zimekomaa sawasawa. Uongo hukaa chini. Nimeshakuta kokwa changa zilizosuguliwa udongo mwekundu ili zifanane na zilizokomaa. Nimeshakuta mawe, na aliyeniletea mawe ni mzee wa kanisa. Kwa hiyo sinunui bila ndoo ya maji. Natumbukiza konzi ya kokwa humo: iliyokomaa inazama, changa inaelea. Kisha nachukua mbili tatu zilizozama nazivunja kwa nyundo, maana hata iliyozama inaweza kuwa imeoza ndani. Watu wa Kianjokoma hunisalimia vizuri usoni, na nikiwapa kisogo najua wananiita jina gani. Na waniite.

Nasema haya ili ujulikane mapema mtu aliyeketi mbele ya daktari mjini Embu, akaambiwa kwamba ndani ya mji wake wa mimba kuna makovu.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa imeanza kucheza. Nilisafishwa katika zahanati moja na mtu aliyekuwa na haraka, nikarudi nyumbani nikanyamaza, kwa sababu mimba iliyotoka haina mazishi wala matanga. Mwezi uliofuata damu ilikuja kidogo. Mwingine ikaja doa tu. Kisha ikakatika. Maumivu ndiyo hayakukatika. Yalikuja kwa wakati wake kila mwezi, kama mgeni anayebisha kwenye mlango uliopigiliwa misumari. Mama yangu kule Muthara, Meru, alisema ni jicho la watu. Mume wangu alisema ni mawazo, nipumzike. Mimi nilimshuku yule mwenye haraka, na hapo sikukosea.

Daktari huyu wa Embu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo. Alichukua kalamu akanichorea kitu kama peasi iliyogeuzwa kichwa chini.

"Hapa ndani kunatakiwa kuwe na nafasi," alisema. "Zako kuta zimeshikana. Ni kidonda kilipona vibaya. Tutaingia na camera ndogo kupitia njia ya kawaida, hakuna kupasua tumbo, tukate hayo makovu polepole. Lakini kabla ya operation nataka utumie homoni kwa wiki kadhaa."

"Kwa nini nipewe dawa kabla ya kukatwa? Si dawa huja baada?"

"Baada pia utapewa. Hizi za kwanza ni za kukuza ule utando mzuri wa ndani, uwe mnene, ndio nikiingia nione wapi ni kovu na wapi ni mwili mzima. Nisikate penye hapafai."

Nilimwuliza kama ni lazima. Aliweka kalamu chini.

"Nitakuambia ukweli. Hata sisi madaktari hatukubaliani. Kuna wenye wanaanza na homoni, kuna wenye wanasema hazina haja kabla, zitumike baadaye tu. Mimi nimeona zinanisaidia. Lakini sikuahidi kitu."

Sasa, mkulima akifungua gunia lake mwenyewe akakwambia, "Mama, humu kuna mbovu kadhaa," ujue mbele yako kuna mmoja wa watu wa aina mbili. Ama ni mkweli, ama ni mwizi aliyesoma. Nilipanda kurudi Kianjokoma sijaamua huyu daktari ni yupi. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba nilitaka mtoto kwa hamu iliyokuwa imeanza kunitia aibu, na kwamba njia iliyobaki ilikuwa inapita mikononi mwake.

Nyumbani nilifanya kitu ambacho bado mume wangu anakitumia kunicheka. Nilichukua kidonge kimoja nikakitia kwenye ndoo.

"Unafanya nini?" aliuliza. Yeye ni fundi wa pampu za maji, mtu mpole, mzaliwa wa Kiambere kule chini kwenye joto, na hushangaa polepole.

"Napima."

"Na kikielea? Utamrudishia daktari kama gunia?"

Kilizama. Kilikaa chini kama kokwa ya daraja la kwanza, halafu kikaanza kuyeyuka, kikaacha wingu dogo ndani ya maji, na sikujua lolote ambalo sikulijua kabla. Nilimwaga maji nikaenda kumeza kingine.

Kabla sijameza nilimwapisha mume wangu. Asimwambie mama yake. Lolote atakaloulizwa, akae kimya. Aliapa, na ni mtu wa kushika neno lake. Ningejua shida itakayoletwa na uaminifu huo ningemwacha aropoke.

Mama mkwe wangu ana mtoto mmoja wa kiume tu, naye ni huyu. Kwao, binti wa kwanza wa mwana hupewa jina la bibi yake mzaa baba, na wanawake wakilisema jambo hilo hawasemi "atapewa jina langu," wanasema "nitazaliwa." Basi mama mkwe alikuwa anangoja kuzaliwa. Tangu nilipoolewa alikuwa akinitazama kiunoni kwanza, ndipo anitazame usoni. Hakuwahi kunitukana wala kunisema vibaya kwa watu. Alikuwa tu na hesabu yake ya kimya ambayo niliisikia hata akiwa anapeta maharagwe. Mtu anayengoja kuzaliwa humwambii kwamba mlango umegandana. Atatafuta mlango mwingine, nami nilijua milango mingine inapatikanaje. Mwanaume wa kwao asiye na mtoto huletewa msichana kimyakimya, anakuja kama mgeni wa siku mbili, na siku mbili hazimaliziki.

Lugha nayo haikutusaidia. Yeye ni Mmbeere na mimi ni Mmeru. Lugha zetu ni majirani, lakini kila mmoja akisema yake mwenzake huona kama anakejeliwa. Kwa hiyo tulikuwa tunakutana kwenye Kiswahili, ambacho si cha mama yake wala cha mama yangu, na mle ndani tulikuwa na adabu kupita kiasi.

Homoni zile hazikukawia. Matiti yaliuma hata nguo ikigusa. Asubuhi kichefuchefu kilinipanda, harufu ya maganda mabichi ya makadamia, ambayo nimeivuta miaka yote, ikawa hainipiti kooni. Tumbo lilijaa. Daktari alikuwa amenionya na kuniambia dawa hizo hufanya hivyo kwa watu wengine, na kabla ya kunianzishia alikuwa amepima mkojo akahakikisha sina mimba. Nilijua yote hayo. Hata hivyo siku moja nilisimama mbele ya kioo nikageuka upande, nikajishika tumbo, nikaona jinsi lilivyotuna. Niliuchukia mwili wangu kwa uongo ule. Ulikuwa unafanya kama wakulima wangu, unajipaka udongo.

Kisha watu wakaanza kuwa wazuri, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwelikweli.

Mama mmoja muuza makadamia, mbishi ambaye kila msimu tunagombana, alinikuta nimeinama nyuma ya mizani natapika. Aligeuza uso kwa heshima. Nilipomaliza alinyanyua gunia lake mwenyewe akaliweka kwenye mizani, bei niliyomtajia akaikubali bila neno. Nilimwaga gunia lote chini nikalikagua kokwa moja moja, kwa kuwa mtu yule hakubali bei bila sababu. Lilikuwa safi. Wiki hiyohiyo mwingine akaniletea parachichi, akaniambia nile, "na usibebe vitu nzito." Mwingine akanipisha kiti kanisani. Niliwauliza wote moyoni: mnajua nini ambacho sikijui?

Jibu nililojipa lilikuja ndani ya pikapu kutoka Kiambere.

Ilikuwa asubuhi, nafungua kibanda cha kununulia, nikaiona ikipanda mteremko na mama mkwe ameketi mbele, leso kichwani, ameshikilia kibuyu mapajani. Nyuma kulikuwa na kuni. Sisi wa huku juu tunachoma mikima, miti myepesi ya mipakani mwa mashamba, na maganda ya makadamia, moto wetu ni wa haraka. Zile zilikuwa kuni za nchi ya chini, mgaa mtupu, yaani mgunga wa nyikani, nzito, zimekauka hadi zinalia zikigongana. Zilishushwa zikapangwa nyuma ya jikoni, na mama mkwe alisimama akisimamia kila gogo linavyolazwa kama anajenga ukuta. Pamoja na kuni kulikuwa na beseni jipya.

"Maitu, kuni hizi zote za nini?" niliuliza, nikimwita mama kwa neno la kwao.

"Ni kuni tu," alisema. "Huku kwenu iko baridi."

Baridi ya Kianjokoma ilikuwapo tangu niolewe, na na hakuna siku aliyowahi kuitaja. Niliinua jerikani nikachote maji ya chai. Alinipokonya. Mwanamke huyu aliyekuwa akiniangalia nikibeba magunia bila kupepesa, leo alinipokonya jerikani ya lita kumi.

"Wacha. Mimi niko."

Akanimiminia uji kutoka kwenye kibuyu, uji wa wimbi uliochachushwa, ule wanaouita ucuru. Waswahili wanasema mgonjwa haulizwi uji, huletewa tu, na mimi hapo hapo nikajiuliza nani kamwambia kwamba mimi ni mgonjwa. Niliunusa. Ulikuwa na harufu ya majani fulani nisiyoyajua. Nilisema nitaunywa ukipoa, nikatoka nao nje, nikaimwagia migomba. Jioni alinimiminia mwingine, na migomba ikapata tena. Siku zote alizokaa kwetu sikuonja hata tone, na kila mara nilirudisha kikombe kitupu nikisema, "Asante maitu, ni mtamu."

Mume wangu ndiye aliyenimaliza. Tulikuwa na chumba cha nyuma tunachowekea magunia matupu. Nilirudi kutoka kibandani nikakuta magunia yako nje, sakafu imefagiliwa, na yeye amesimama mlangoni na mama yake wakiangalia dirisha. Nilimsikia mama mkwe akiuliza, kwa Kimbeere ambacho hata mimi nakifuata, kama jua la asubuhi linafika pale. Waliponiona walinyamaza.

Niliunganisha vipande kama mtu anayejua hesabu yake. Chumba, beseni, kuni za mtu wa nchi ya chini ambaye hajazoea baridi ya milimani, na mume anayekwepa macho. Wema wa kila mtu nao sasa ulieleweka: ndivyo watu wanavyomfanyia mke anayekaribia kusogezwa kando. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwuliza mume wangu mama yake amekuja kufanya nini. Alisema, "Si uliniambia nikae kimya?" nikaona ananikejeli. Nilimeza vidonge vyangu vya siku hiyo kwa hasira, nikijiuliza namkuzia nani huo utando.

Nilivumilia mpaka siku nilipomkuta mama mkwe anafua blanketi kuukuu, laini, dogo, analiangalia juani kama lina tundu. Nilitupa kikapu.

"Maitu, mimi si mtoto. Niambie kuni hizo ni za nani."

Alishtuka. Aliangalia kushoto na kulia kana kwamba nimetamka tusi. Kisha macho yake yalishuka yakatua tumboni kwangu, yakaondoka haraka, na mkono wake ukafunika mdomo.

"Hiyo haisemwi," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ni mtu wa Meru, hata kwenu haisemwi. Ikisemwa inaskia."

Ndipo nilipoelewa, na ningeomba ardhi inifunike. Kwao mimba haitajwi kwa mdomo mpaka mtoto alie. Lakini kuni za mzazi hazingoji kilio. Hukatwa mapema zikauke, kwa sababu kuni mbichi zina moshi, na moshi haufai kwa mama aliyejifungua wala kwa kichanga. Basi anayejua hutenda bila kusema, na mwenye mimba hupokea bila kuuliza. Habari za mtu anayetapika nyuma ya mizani zilikuwa zimeshuka kutoka Kianjokoma hadi Kiambere kwa simu za wanawake. Mama mkwe alimpigia mwanawe amwulize kama ni kweli. Mwanawe, aliyeapa kwangu kwamba atakaa kimya, akakaa kimya. Na kwao jambo hilo likiulizwa, kukaa kimya ni sawa na kujibu "ndiyo." Alipokuja na kuni zake, mwanawe akashindwa kumsimamisha bila kuvunja kiapo, akafagia chumba alichoambiwa afagie, akangoja mimi niseme.

Kwa hiyo hakukuwa na msichana wa siku mbili. Kulikuwa na mwanamke mzima aliyekata kwa shoka lake mwenyewe mgaa mkavu wenye miiba, kwa furaha asiyoruhusiwa kuisema. Na mimi ndiye niliyelazimika kumnyang'anya furaha hiyo.

"Maitu," nilimwambia, "humu hamna mtu."

Hakuelewa, au hakutaka. Nikamwambia yote, kwa Kiswahili chetu cha adabu: kusafishwa, damu iliyokatika, makovu, vidonge vinavyonitapisha, operesheni inayokuja. Mahali nilipokosa neno nilikutanisha viganja vyangu viwili nikavibana, nikamwonyesha kuta zilivyo. Aliketi juu ya zile kuni. Blanketi lilikuwa bado mkononi linadondosha maji kwenye miguu yake.

"Hiyo dawa," aliuliza, "ni ya kuleta mtoto?"

"Hapana. Ni ya kutengeneza ndani, wakate vizuri. Mtoto hajaahidiwa."

Alitikisa kichwa polepole. Hakulia, hakunilaumu, na hakunifariji. Kesho yake alfajiri alifunga leso akarudi Kiambere, kibuyu chake kitupu kwapani. Kuni hakuzigusa. Mume wangu alisema mama amechoka tu. Mimi nilisema moyoni, ameenda kutafuta mlango mwingine, na safari hii nina sababu ya kushuku.

Siku ya operesheni ilifika. Sitaieleza sana kwa sababu nililala. Nakumbuka baridi ya chumba, na daktari akiniuliza kama nimemeza vidonge vyote, nami nikamjibu kwamba kimoja kilienda kwenye ndoo. Aliuliza, "Ndoo ya nini?" Nilimweleza kazi yangu. Alicheka hadi akashika ukuta, na hilo lilinituliza kuliko sindano.

Nilipozinduka alikuja akakaa pembeni ya kitanda. Ndani alikuwa ameacha kipira kidogo cha kutenganisha kuta zisishikane tena, kitolewe baada ya siku chache.

"Nimepata nafasi," alisema. "Upande mmoja ulikuwa mbaya, nimefanya nilichoweza. Mwingine umefunguka vizuri. Utando ulikuwa umekua, niliona pa kukata na pa kuacha."

"Ni zile dawa?"

"Labda. Siwezi kuapa."

Nilimpenda kwa kutoapa. Hapo ndipo nilipoamua kwamba ni mkulima wa aina ya kwanza, ingawa nilijiwekea akiba ya shaka kidogo, maana bila hiyo siwezi kulala.

Alinipa tena homoni zilezile, na mwishoni nyingine za kufuatia, akasema nikimaliza hizo za mwisho nisubiri damu. Ikija, ndani kunafanya kazi. Isipokuja, turudi tuangalie. Nikarudi kununua makadamia na kusubiri. Wanawake wote ninaowajua wanaotaka mtoto huiomba damu isije. Mimi niliiomba ije, na sikuwa na mtu wa kumwambia ombi la kinyume namna hiyo. Matiti yaliuma, kichefuchefu kikarudi, na safari hii wateja wangu hawakuniletea parachichi. Naona hata kwao habari za kweli zilikuwa zimefika. Kutoka Kiambere hakuja mtu wala simu. Kila nilipoingia jikoni nilipita kando ya ukuta ule wa mgaa nikaona umenikazia macho. Sikuchoma hata kijiti. Nilichoma maganda yangu, na moshi wake ukaniliza vya kutosha.

Damu ilikuja nikiwa kibandani, nyundo mkononi, navunja kokwa za mtu. Kwanza nilisikia yale maumivu ya kila mwezi, nikayapuuza kama kawaida, maana hubisha yakaondoka. Hayakuondoka. Nilienda chooni nikaiona, nyekundu, nyingi, ya kweli, na nikaketi pale chini nikalia kwa sauti mpaka mwenye gunia akaja kubisha akidhani nimefiwa.

Nilimwambia mume wangu, akaziba uso kwa kofia yake. Kisha nilichukua simu nikampigia mama mkwe mwenyewe. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka asikie kwangu kabla hajafika mbali na mipango yake.

"Maitu, damu imekuja."

Nilifikiri simu imekatika.

"Sawa," alisema, akakata.

Alifika kesho yake kabla ya saa sita, na kibuyu. Hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jikoni, akachomoa magogo ya juu, akayabeba mwenyewe, akapiga magoti akawasha. Mgaa ulishika moto bila moshi, moto mtulivu mweupe ambao sikuwahi kuuona kwenye meko yangu. Nilisimama mlangoni. Wasiwasi wangu haukuwa umelala hata siku hiyo.

"Maitu, hizo si za mzazi? Mbona unaziharibu? Mtoto hajaja. Labda hatakuja."

Hakugeuka. Alikuwa anapanga mafiga.

"Huyo wa kwanza," alisema, "yule ulipoteza. Mimi sikuleta kuni. Kwetu hiyo haipelekewi kuni, haipelekewi kitu, watu wananyamaza. Na mimi nikanyamaza." Alipuliza moto uliokuwa hauhitaji kupulizwa. "Lakini wewe ulizaa. Mtu alitoka, hata kama hakulia. Ulilala kwa baridi. Sasa hii kuni ni yake. Imechelewa tu."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimesubiri mtu mmoja amtaje, nami nilikuwa namshuku kila mtu isipokuwa huyu anayeweza kumtaja. Niliketi chini, pale kwenye majivu, nikalia tena, na yeye aliniacha nilie akikoroga uji taratibu kwa mwiko. Ulipochemka alimimina kwenye kikombe kikubwa, akanishikisha kwa mikono miwili.

"Kunywa. Na huu usiwape migomba."

Niliinua uso. Alikuwa ananiangalia kwa jicho moja, mdomo umebanwa usicheke.

"Ulijua?"

"Hiyo migomba ilinona," alisema. "Mimi si kipofu."

Mpaka leo ninapoandika haya sina mtoto. Damu inakuja kwa mwezi wake, na daktari wa Embu anasema njia iko wazi na haapi. Kuni za mgaa zimebaki nusu, zinangoja wa pili kama atakuja. Lakini siku ile sikunusa uji ule. Niliunywa ungali moto, ukaniunguza ulimi, nikamaliza hadi chini, kisha nikamrudishia kikombe aniongezee.